Mngoja Mayai, Mto Humkuta

Mngoja mayai, mto humkuta.

Mmelisikia neno hilo leo asubuhi kivukoni, pale fundi alipomjibu yule bwana aliyetaka nguzo za gati zinazooza ziachwe mpaka moja ivunjike ndipo zibadilishwe. Nikawaona mnatazamana, na mmoja wenu akauliza kama mto nao hufuga kuku. Hapana. Mayai yasemwayo humo si ya kuku, na mto usemwao ni huu huu wetu, Lufunde. Endeleeni kuchambua huo mchele huku mnasikiliza. Methali hii ilizaliwa hivi.

Zamani, kabla watu wetu hawajaweka makazi ya kudumu hapa mwinukoni, waliishi kwa misimu miwili. Masika walikaa huku juu wakalima. Maji yalipopungua walishuka bondeni, wakahamia kwenye kisiwa cha mchanga kilichokuwa katikati ya mto, wakajenga vibanda vya matete na kuvua kambale. Upande mmoja wa kisiwa ulipita mkondo mkubwa wenye kina. Upande wa pili, huu unaotazama mwinuko, ulipita mkondo mwembamba ambao wakati wa kiangazi mtu aliuvuka kwa miguu, maji yakimfika magotini. Mwaka ninaowasimulia, kambini mlikuwa na watu kama arobaini na mitumbwi mitano.

Kila mwaka swali lao kubwa lilikuwa moja: lini kuvunja kambi? Ukivunja mapema, unawaacha samaki wanono wa mwisho wa msimu, ambao ndio chakula cha watoto hadi mavuno. Ukichelewa, mto unashusha maji ya milimani kwa siku moja tu, na kisiwa hakionekani tena. Kwa hiyo walikuwa na alama waliyoachiwa na wazee wao. Kambale jike akipasuliwa na kukutwa tumbo limejaa mayai ya kijani, mkuu wa kambi hupiga ngoma, na kabla ya siku saba kwisha kila mtu huwa amekwisha kuhama. Alama hiyo haikuwahi kuwatupa. Waliiamini kuliko mawingu.

Kambini alikuwepo mjane mmoja, jina lake Nambole. Kazi yake na wenzake ilikuwa kupasua kambale, kutoa matumbo, kuwakunja mkia mdomoni na kuwapanga juu ya chanja wakauke kwa moshi. Alikuwa ameifanya kazi hiyo misimu kumi na tisa. Wenzake walipompasua jike waliangalia mayai, maana mayai yalikuwa yakiulizwa. Walipompasua dume walichota vya ndani wakawatupia korongo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuuliza dume ana nini.

Nambole aliangalia. Hakufundishwa na mtu. Macho yake tu yalizoea. Alijua kwamba katikati ya kiangazi dume huwa na nyuzi mbili nyembamba zilizolala chini ya uti wa mgongo, hazina rangi, unaweza kuzikata kwa kisu bila kujua. Manyunyu ya vuli yakipita, nyuzi hizo hunenepa na kuota meno-meno pembeni. Kisha hujaa. Huwa nyeupe kama tui la kwanza, na kisu kikizigusa maziwa humwagika na kugandia vidoleni, hata ukinawa mara mbili bado vinanata. Tena alijua jambo ambalo hakuna mwingine aliyelishughulikia: dume hutangulia. Kila mwaka maziwa ya dume yalijaa karibu mwezi mzima kabla ya mayai ya jike kuonekana.

Mwaka ule maziwa yalijaa mapema mno. Nambole aliyaona yakiwa tele wakati ambapo, kwa hesabu ya miezi, nyuzi zilipaswa kuwa bado nyembamba. Akanyamaza, akangoja mayai kama wengine. Mayai hayakuja. Badala yake, kwa siku nne mfululizo, migono, ile mitego ya kusuka iliyotegwa kandokando ya kisiwa, ilitoa madume matupu. Hata jike mmoja hakuwemo.

Mnaweza kuuliza kwa nini hakusema. Alikuwa na sababu. Miaka mitatu nyuma, mumewe, marehemu Mbiru, aliwaona sisimizi wakihama kwa wingi kupanda mitini, akatangaza kwamba masika yamefika. Watu wakamsikiliza, wakavunja kambi. Mto ukakaa kimya mwezi mzima, chini vilevile, samaki wakirukaruka ndani yake bila mvuvi. Mwaka ule watoto walikula mizizi. Toka hapo Mbiru hakuitwa tena kwa jina lake. Aliitwa Baba Sisimizi, na kwa jina hilo alizikwa. Nambole alijua aibu ina uzito gani, maana aliibeba pamoja naye.

Sasa, asubuhi moja ya jua kali, mbingu haina hata wingu la kufuta uso, alikuwa amekaa kwenye jiwe lake la kupasulia pamoja na mwenzake, Siwema. Milima ilikotoka mto haikuonekana kwa siku nyingi; moshi wa nyasi zilizochomwa bondeni ulikuwa umeifunika. Alipasua dume wa kwanza, maziwa tele. Wa pili, maziwa tele. Akampasua wa tatu, na kisu chake kikasimama.

“Siwema,” aliita, “hebu tazama huyu.”

Siwema akainama. “Dume. Ana nini?”

“Hana kitu. Ndicho ninachokuonyesha.”

Pale palipostahili kuwa peupe na pamejaa, palikuwa na vifuko viwili vyekundu-vyekundu, vimelegea na kunywea kama kiwele cha mbuzi kilichokamuliwa hadi tone la mwisho. Nambole alikuwa amekwisha kuona madume wa namna hiyo. Lakini aliwaona mwanzoni mwa msimu tu, maji ya mafuriko yanapokuwa yamekwisha kupita na samaki wamekwisha kuzaana. Kabla ya mafuriko hakuwahi kumwona hata mmoja.

Akavuta kapu, akapasua wa nne. Amejaa. Wa tano, amenywea. Wa sita, amenywea. Akaangusha kisu.

“Una nini, mwenzangu?” Siwema aliuliza. “Umejikata?”

“Hawa wamekwisha kuzaa,” Nambole alisema kwa sauti ya chini. “Kambale hazai mpaka maji yapande na kuingia kwenye nyasi. Hapa maji hayajapanda. Basi wamezaa wapi?”

Siwema akatazama upande wa moshi, kule mto unakotoka.

“Huko juu kumejaa,” Nambole aliendelea. “Majike wamepita katikati, penye kina, hawakuingia mgono hata mmoja. Madume wamewafuata, wamemaliza kazi yao, sasa wanarudi na maji. Na maji yenyewe yako nyuma yao.”

Kumbukeni kuwa huko juu kuna mabwawa. Maji ya milimani huyajaza hayo kwanza, taratibu, na mtu wa bondeni hajui lolote. Siku yakifurika ndipo yanapokuja yote kwa pamoja.

Nambole aliwaweka wale madume watatu walionywea juu ya ungo, akainuka. Siwema akamshika upindo wa kanga.

“Watakuita jina la mumeo.”

“Najua,” alisema, akaenda.

Mkuu wa kambi alikuwa Mzee Kihindo. Naye hakuwa mtu baki kwa Nambole. Binti pekee wa Nambole, Tamali, alikuwa ameolewa na Mtenje, mtoto wa Kihindo, na siku nne tu zilizopita alikuwa amejifungua mtoto wa kiume mumo humo kambini. Nambole alipomkaribia, Kihindo alikuwa amekaa na wanaume wanane hivi wakisuka migono mipya. Akapiga magoti, akaweka ungo chini.

“Mkwe, nimekuletea neno.”

“Lilete, mkwe.”

Akaeleza. Alieleza vizuri, bila haraka, akionyesha kwa ncha ya kisu. Wanaume wakaacha kusuka. Kihindo alisikiliza mpaka mwisho; hakuwa mtu wa dharau. Kisha akauliza swali ambalo baba yake na babu yake walikuwa wakiuliza kabla yake.

“Mayai yako wapi?”

“Mayai hayapo, mkwe.”

“Kama mayai hayapo, mto haupo.”

“Mayai hayapo kwa sababu yamekwisha kutagwa! Tunangoja kitu kilichokwisha kutupita.”

Ndambile, mdogo wake Kihindo, mtu wa mzaha na muogeleaji asiye na mfano katika bonde zima, akacheka. “Mume alisoma sisimizi, mke anasoma matumbo ya madume. Mwakani tutaambiwa tutazame masikio ya fisi.”

Wakacheka wote isipokuwa Kihindo. Yeye aliwatazama wale samaki kwa muda, akawageuza kwa kidole. Nambole akaona shaka ikimpita usoni, na kwa pumzi chache alidhani amempata.

“Mkwe,” Kihindo alisema hatimaye, “mwaka ule wa sisimizi, mimi ndiye niliyepiga ngoma. Watoto wawili wa kambi hii hawakuyaona mavuno. Nikipiga tena bila alama, nitawatazama vipi mama zao? Na zaidi ya hayo, mjukuu wetu hajaangusha kitovu. Wewe mwenyewe ni mama, unajua mzazi havushwi maji kabla ya kitovu. Unataka niukanyage na mwiko huo?”

Nambole aliinua ungo wake, akarudi nyuma hatua tatu kwa heshima, akageuka. Lakini hakwenda kwenye jiwe la kupasulia. Alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha Tamali.

Binti yake alikuwa amelala ubavu, mtoto yuko kifuani. Alikuwa bado dhaifu. Uchungu ulikuwa umemshika siku mbili nzima.

“Inuka, mwanangu. Tunavuka.”

“Tunavuka wapi, mama?”

“Mwinukoni. Sasa hivi.”

Tamali akamtazama kana kwamba hajamsikia. “Na kitovu? Mama, wakwe zangu watasema nini?”

“Watasema mengi. Nataka uwe hai uyasikie.”

Alikuwa tayari amechukua kanga mbili na kuanza kumfunga mtoto. Hapo mwanga wa mlangoni ukazibika. Mtenje alikuwa amesimama pale, macho chini, kama desturi ilivyomtaka mbele ya mama mkwe.

“Mama, baba amesema hakuna anayevunja kambi.”

“Sivunji kambi. Namchukua mtoto wangu na wa kwake.”

“Mke wa mtu haondolewi hivyo.” Sauti yake ilikuwa ya adabu, lakini hakusogea mlangoni. Mtoto akaanza kulia. Nambole akasimama naye mkononi, mbele ya yule kijana mrefu.

Kisha Mtenje akafanya jambo ambalo si la desturi. Akainua macho, akamtazama.

“Mama, una hakika?”

Angeweza kusema ndiyo. Neno hilo lilikuwa limemfika ulimini, na lingemfungulia mlango. Lakini alimkumbuka Mbiru, ambaye alisema ndiyo.

“Sina,” alijibu. “Ya samaki nina hakika, nimewaona kwa macho haya. Ya mto anajua Mungu. Lakini nikikosea mimi, utanicheka ukiwa umempakata mwanao. Akikosea baba yako, utampakata nani?”

Mtenje akaingia ndani, akamwinua mkewe mikononi kama mtu anavyoinua mtoto, akatoka naye kuelekea mitumbwini.

Kuwaona wakipita hivyo katikati ya kambi adhuhuri ile, watu walishangaa. Wengine walipiga kelele za kuwarudisha. Kihindo alisimama, akamwita mwanawe kwa jina mara moja. Mtenje hakugeuka. Mzee hakuita mara ya pili. Siwema aliwachukua watoto wake watatu na chungu kimoja, akaufuata mtumbwi kwa miguu, na wanawake wengine wanne waliokuwa na watoto wadogo wakamfuata Siwema. Nadhani hawakuwa wameamini habari ya madume. Waliamini kwamba Nambole, mwenye kujua kejeli inavyouma, asingejitia ndani yake tena kwa jambo dogo.

Walipofika katikati ya mkondo mwembamba, Mtenje akachomeka upondo majini, akatoa ukelele mdogo. Asubuhi ileile upondo ule ulilowa kimo cha goti. Sasa ulilowa kimo cha kifua. Tena hayakuwa maji ya jana. Yalikuwa na rangi ya chai, yamebeba povu na majani mabichi ya miti ambayo haioti bondeni.

Nyuma yao Siwema alipaza sauti. Maji yalimfika kifuani, mtoto mdogo akiwa mabegani. Mtenje akageuza mtumbwi, akawapakia watoto, wanawake wakashika kingo, wakavushwa hivyo, nusu wakiogelea nusu wakiburutwa, mpaka miguu ikagusa udongo wa upande huu. Nambole alimlaza Tamali kwenye nyasi, akamfungua mtoto kifuani mwake, akasikiliza. Anapumua. Amelala.

Alipoinua kichwa, Mtenje alikuwa ameshika upondo tena.

“Unakwenda wapi?” Tamali alilia.

“Kwa baba.”

Nambole hakumzuia. Alimwambia tu, “Pitia juu kidogo, usikate katikati. Maji yatakushusha yenyewe.” Akamtazama akienda.

Sasa nirudi kisiwani, niwaambie yaliyotokea huko, maana Kihindo mwenyewe alikuja kuyasimulia baadaye, bila kuficha.

Baada ya mwanawe kuondoka, Kihindo hakuweza kukaa. Alikwenda kwenye jiwe la Nambole, akaokota kisu cha Siwema, akawapasua madume waliobaki kapuni kwa mkono wake mwenyewe. Aliwakuta wamejaa na wamenywea, mchanganyiko, kama alivyoambiwa. Moyo ukamwambia piga ngoma. Kichwa kikamwambia ngoja uone mayai. Ndipo alipomwita Ndambile.

“Nenda kwenye kina, nyuma ya kisiwa,” alimwambia. “Nitafutie jike mmoja. Mmoja tu. Nikiona tumbo lake, nitajua la kufanya.”

Ndambile alikwenda huku akiimba, na mtumbwi mmoja na ndoano. Kihindo akakaa karibu na ngoma, magongo mkononi, akamngoja.

Alikuwa bado anangoja Mtenje alipofika, amelowa chepechepe, akipiga kelele kutoka majini kwamba mkondo mwembamba haupitiki tena kwa miguu. Kihindo akapiga ngoma. Lakini kumbukeni, mtumbwi mmoja ulikuwa kwa Ndambile, na miwili iliyofungwa ukingo wa mbali wa kisiwa ilikuwa imekwisha kuchukuliwa na maji. Ikabaki miwili kwa watu karibu thelathini. Wakaanza kuvusha, wazee na watoto kwanza. Safari ya kwanza mto ulikuwa ukipanda kwa kimo cha kidole. Safari ya tatu ulikuwa ukiingia vibandani. Sauti ikaanza kusikika kutoka juu, nzito, ya kuendelea, kama ya nyati wengi wanaokimbia mbali. Wale waliocheka asubuhi wakawa wanatupa samaki wakavu wa msimu mzima majini ili mitumbwi iwe miepesi.

Nambole aliyaona hayo yote kutoka ng’ambo. Aliingia majini mpaka kiunoni, akawa anawapokea watoto mmoja mmoja na kuwapitisha nyuma kwa Siwema. Hakuhesabu. Kila mtumbwi ulipogusa ardhi alitafuta uso wa Kihindo ndani yake, asimwone.

Safari ya mwisho, jua likiwa bado halijatua, kisiwa kilikuwa chanja tu na paa chache. Juu ya chanja alikuwa amesimama Kihindo, anatazama upande wa kina, anaita jina la mdogo wake. Mtenje alimsogelea, akamsihi apande. Mzee akakataa. Chanja kilipoanza kuinama, Mtenje alimkumbatia kiunoni, akamwangusha ndani ya mtumbwi kwa nguvu, naye akalala pale chini. Walipofika upande huu, mawimbi makubwa yalipita nyuma yao yakiwa na magogo mazima ndani, na pale palipokuwa na kambi hapakuwa na kitu isipokuwa mto.

Watu wote walikuwa wamevuka, kasoro mmoja.

Kesho yake wanaume walikwenda kumtafuta Ndambile kandokando ya maji. Yeye hawakumpata, siku ile wala siku nyingine. Walichokipata ni mtumbwi wake, umekwama kwenye vichwa vya matete, umepinduka. Na kwenye mti wa katikati wa mtumbwi, amefungwa kwa kamba ya ukindu iliyopitishwa mashavuni, alikuwepo kambale jike, mkubwa, mzima bado mwili wake. Ndambile alikuwa amempata. Alikuwa njiani kumrudisha.

Kihindo alimbeba samaki yule mwenyewe, akapita naye katikati ya watu waliokaa kwenye nyasi bila vibanda, mpaka mbele ya Nambole. Akamweka chini.

“Mkwe, nipasulie.”

Nambole akatikisa kichwa. “Hakuna haja, mkwe. Mzike tu.”

“Nipasulie. Nataka waone.”

Watu wakakusanyika. Mikono ya Nambole ilijua kazi hiyo kuliko kazi yoyote duniani, lakini siku ile kisu kilimpotea mara mbili. Mwisho akafungua. Tumbo la jike lilikuwa tupu. Yalibaki mayai machache tu, yamegandia pembeni, kama mpunga unaobaki uwanjani baada ya kupura.

Kihindo aliinama akayatazama. Alikaa hivyo muda mrefu, hata mtoto wa Tamali akalia, akanyonyeshwa, akanyamaza.

“Nilikuwa nimekwisha kuambiwa,” alisema. “Nilikuwa nimekwisha kuona kwa macho yangu, kisu kikiwa mkononi mwangu. Nikangoja mayai, nikamtuma ndugu yangu akanitafutie. Mto ukamkuta.”

Nambole alichukua kanga yake, akamfunika yule samaki, akamshika mzee mkono, wakakaa chini wote wawili. Hakumwambia “nilikwambia.” Hata siku moja katika maisha yake hakulitamka neno hilo, na Kihindo alikuja kusema kwamba hilo ndilo lililomwezesha kuishi.

Msimu uliofuata, waliposhuka tena bondeni, Kihindo alimwambia Nambole mbele ya watu wote: “Ngoma ni yako. Ukisema madume wamejaa, tunafunga mizigo. Ukisema wamenywea, tunakimbia.” Na kila mwaka, siku ya kwanza ya kambi, alisimama akawaambia waliokuja kwa mara ya kwanza jinsi alivyomtuma Ndambile, akitaja jina lake na asione haya kulia. Miaka ikapita, Kihindo akafa, Nambole akafa, jina la Ndambile likasahauliwa na wengi. Yakabaki maneno ya mzee, yamefupishwa na vinywa vya watu mpaka yakawa haya mliyoyasikia kivukoni.

Kwa hiyo, wanangu, mkimsikia mtu anasema ngoja livunjike ndipo turekebishe, ngoja augue sana ndipo tumpeleke, ngoja alama kubwa ambayo kila mtu ataiona, mjue alama ndogo imekwisha kuonekana na mtu fulani, pengine yule ambaye hakuna anayemuuliza. Yule fundi hakuwa anazungumzia kuku. Mngoja mayai, mto humkuta.